Bwana Haya na Sanamu za Shemeji

Jina aliloandikiwa kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa limesahaulika kabisa, na yeye mwenyewe akiulizwa ilibidi kwanza akohoe. Alikuwa fundi vioo. Ukimwita aje kupima dirisha, anavuta mkanda, anasoma, anasema, "Haya." Mkikubaliana kazi, "Haya." Kioo kikimponyoka kikavunjika, anavitazama vile vipande pale sakafuni, anashusha pumzi, "Haya." Ndiyo watu wakamwita Bwana Haya.

Lakini jina hilo lilimkaa kwa sababu nyingine pia. Mtu yule alikuwa na haya kwelikweli, ile haya ya kuinamisha uso. Alikuwa mzee wa kanisa, hanywi, havuti, na hata akijigonga kidole kwa nyundo hatukani, anataja tu jina la nyundo. Kiwanda cha rangi kilipompa kalenda yenye picha ya msichana aliyevaa nguo za kuogelea, aliipokea kwa shukrani, maana zawadi hairudishwi, kisha akaitundika karakanani picha ikitazama ukuta. Mwaka mzima tarehe alikuwa anauliza kwa majirani.

"Mume wangu," mkewe alikuwa akiwaambia mashoga zake, "akiona ndizi imemenywa, anageuza uso." Mke mwenyewe alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache aliyekwisha kuona kila kiungo cha binadamu na hakuna kilichomshangaza.

Sasa, mdogo wake huyo mke ndiye aliyeanzisha yote, ingawa hakukusudia. Alikuwa na duka la nguo mkabala na kanisa, na akataka kioo kikubwa cha mbele, kutoka sakafuni hadi darini. Akamwita shemeji yake. Bwana Haya akaifanya kazi ile kama anayejenga madhabahu. Alisali kabla ya kukata, akasali kabla ya kunyanyua, na kilipokaa sawasawa akakipangusa mpaka kikatoweka machoni. Njiwa walijigonga. Mlevi mmoja alijaribu kuingia dukani kupitia hapo, akagonga paji la uso, akaomba radhi, akajaribu tena.

Jumapili iliyofuata ibada ikaisha, milango ya kanisa ikafunguliwa, waumini wakatoka na nyuso za amani. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo kisichoonekana, walikuwa wamesimama wageni. Sanamu za kuvishia nguo, za kike na za kiume, kundi zima, zote kama zilivyotoka kiwandani. Mzigo wa nguo mpya ulikuwa umechelewa, na shemeji alikuwa ameshazivua zile za zamani.

Kwaya ilinyamaza katikati ya pambio. Kina mama walifunika macho ya watoto, na watoto wakafunua.  Kilichomuuma Bwana Haya zaidi ni kwamba kila kitu kilionekana vizuri mno.

Akavuka barabara mbiombio huku uso umeelekea pembeni, nusura agongwe na baiskeli.

"Shemeji! Wavishe hao!"

"Karibu shemeji. Wavishe nani?"

"Hao! Hao uliowaweka hapo!"

"Shemeji jamani, hiyo ni plastiki."

"Hata kama ni plastiki, ina mwili."

"Ndoo pia ni plastiki. Ulishaona mtu akiivalisha sketi?"

"Ndoo haina kiuno, shemeji!"

Shemeji alicheka mpaka akashika kaunta. Bwana Haya hakucheka. Alirudi nyumbani, akakataa chakula, akalala chali akitazama dari. Si kwamba alikuwa mjinga. Alijua fika kwamba plastiki haitendi dhambi. Lakini alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba heshima ya mtaa huonekana mtu anapopita njiani, kabla hata hajasalimiwa, na jambo hilo aliliamini kama alivyoamini kwamba kioo kinakatika. Wiki iliyofuata akaomba dakika chache za kuzungumza kanisani baada ya matangazo.

"Ndugu zangu," alisema, "kama sanamu yenyewe haina haya, mwanangu ataiga wapi?"

Kanisa lilipiga makofi hadi popo wakatoka darini. Mchungaji mwenyewe alisimama. Kabla Bwana Haya hajafika kwenye kiti chake, mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Huyu ndiye diwani!" Na kweli, uchaguzi ulikuwa umekaribia. Aliyekuwa akigombea peke yake mpaka siku ile ni mwenye baa ya pale njia panda, ambaye ahadi yake kuu ilikuwa barabara ya lami, ile ile ambayo baba yake aliwahi kuiahidi. Watu walikuwa wamechoka na ahadi za vitu vya kujengwa. Ahadi ya kuvisha sanamu ilikuwa mpya, na ilionekana inatekelezeka.

Kampeni ilikwenda bila kelele. Mwenye baa aliweka muziki na wachezaji. Bwana Haya alipita nyumba kwa nyumba na mkanda wake wa kupimia, maana pasipo mkanda hakujua mikono aiweke wapi, akawaeleza watu habari za maadili huku akiwapimia madirisha yao bure. Shehe wa msikiti wa jirani, ambaye hakuwahi kukubaliana na mchungaji juu ya jambo lolote, hata mahali pa kuegesha magari, safari hii alisema, "Kwa hili, niko na yule fundi." Bwana Haya akashinda. Shemeji mtu naye alimpigia kura. "Ni ndugu yetu," alisema, "na mimi napenda kuona itakavyokuwa."

Kwenye baraza la madiwani ndipo mambo yalipopamba moto. Bwana Haya alisimama na suti yake ya arusi, akaiwasilisha hoja: sanamu yoyote yenye umbo la mtu isionekane hadharani bila vazi la heshima. Shehe, ambaye naye alikuwa diwani, akaunga mkono na kuongeza kwamba sanamu za kike zifungwe mtandio kichwani.

"Nyingi hazina vichwa, Shehe," akasema mwenyekiti.

"Basi zifungwe pale kichwa kingekuwa."

Diwani mwenye bucha akauliza kama sheria ingegusa mbuzi wanaoning'inia dirishani kwake, maana nao walikuwa wamevuliwa kila kitu mpaka ngozi. Akaambiwa mbuzi hana umbo la mtu. Akasema kuna mmoja anafanana na mjomba wake. Diwani mwingine akataka kujua habari za ule mguu mmoja wa kuonyeshea soksi: je, mguu peke yake uko uchi, au ni mguu tu? Jambo hilo lilijadiliwa mpaka chai ikapoa.

Kisha karani wa baraza, kijana mpole mwenye miwani, akanyoosha kalamu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, samahani. Niandike sanamu ambazo *hazina* nguo, au sanamu ambao *hawana* nguo?"

"Kuna tofauti gani?"

"Zikiwa hazina, ni vitu, na kitu hakiwezi kuwa uchi. Wakiwa hawana, ni watu, na kama ni watu tunawaweka dirishani siku nzima bila maji wala kukaa."

Baraza zima likamgeukia Bwana Haya. Jasho lilimtoka. Alifikiri sana, akasema, "Mchana ni vitu. Wakivuliwa, ni watu."

Hakuna aliyeelewa, lakini ilikuwa saa ya chakula, hoja ikapita. Adhabu aliitunga mwenyewe. Hakupenda faini wala mahabusu, alitaka adhabu ya kufunza: atakayeanika sanamu uchi, atashinda siku nzima dukani akizivisha sanamu mbele ya watu.

Wenye maduka walitii, kila mtu kwa namna yake. Wengine walizivisha sanamu mapazia, mmoja akatumia magunia ya vitunguu. Shemeji alizivisha zake majoho mekundu kama ya kwaya ya kanisa, akazipa na vitabu mikononi. Waumini waliotoka ibadani walidhani kwaya imewatangulia. Bwana Haya hakujua akasirike au ashukuru. "Haya," alisema tu, akaenda zake.

Aliyebaki ni fundi mmoja wa suti, mzee mkaidi aliyekuwa na sanamu ya kujaribishia makoti, mkono mmoja umeinuliwa juu. "Hii ni zana ya kazi," alisema. "Mimi nivishe zana? Wewe unaivisha nyundo yako?"

Bwana Haya alimsihi, akampigia magoti, akamsomea sheria. Mzee akaendelea kukata kitambaa. Mgambo wa baraza siku hiyo alikuwa msibani. Basi diwani akaamua kuikamata sanamu kwa mikono yake mwenyewe. Aliifunga shuka mwili mzima kwa uangalifu kama anayemvisha mtoto mchanga, akaipakia nyuma ya pikipiki, akaikaza kwa mipira, akaondoka taratibu.

Shuka lilitoka kabla hajafika sokoni. Hakujua. Yeye alikuwa anatazama mbele, anaimba pambio kimoyomoyo. Aliona tu watu wanampungia, akashangaa jinsi uongozi unavyoleta upendo, naye akawapungia. Hakujua kwamba walikuwa wanarudisha salamu ya abiria wake, aliyekuwa ameinua mkono, mtupu kama yai.

Askari wa barabarani akamsimamisha.

"Abiria wako hana kofia ya usalama."

Bwana Haya akageuka. Ndipo alipoona. 

"Huyu... si abiria, afande. Ni kidhibiti."

"Hata kidhibiti, kikianguka kinaumia," akasema askari, ambaye alikuwa mtu wa kufuata taratibu.

Bwana Haya alivua koti lake, akajaribu kumvisha. Mkono ule ulioinuliwa ukakataa kuingia. Akamkumbatia amgeuze, akapita kwa nyuma, akamwinamisha. Na palepale, kwa bahati ambayo hata adui yake asingemwombea, umoja wa kina mama wa kanisa ukawa unatoka kwenye mkutano wake wa mwezi. Wakasimama wote kando ya barabara. Wakamwona mzee wao wa kanisa, shati nje, koti mkononi, amemkumbatia asiyevaa kitu, askari akiwa pembeni. Simu zikatoka mikobani kwa pamoja.

Ofisi ya baraza ilikuwa imefungwa, ikabidi aende nayo nyumbani, akaificha bafuni. Kwa kuwa dhamiri haikumruhusu kuiacha vile hata nyuma ya mlango, akaifunika kwa kitu cha kwanza alichokiona. Mkewe alirudi kazini, akaenda kunawa, akarudi sebuleni polepole.

"Mume wangu. Kuna mtu bafuni."

"Si mtu."

"Ni nani?"

"Ni kidhibiti."

"Kidhibiti kimevaa taulo langu."

"Nilikuwa namsitiri."

Mkewe alikaa kwenye kochi. Simu yake ilikuwa imejaa picha kutoka kwa kina mama, na alikuwa ameshaziona zote njiani. Alimtazama yule mwanamume aliyemwoa, aliyesimama katikati ya chumba kama mtoto aliyevunja kikombe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajiachia, akacheka mpaka akalia. "Kesho," alisema akijifuta macho, "uninunulie taulo jingine. Hilo mpe mwenzio."

Baraza likakutana. Rafiki wa mwenye baa, aliyekuwa diwani wa upande wa pili, akasimama na simu juu. "Mheshimiwa mwenyekiti, sheria inasema asionekane hadharani. Mimi naomba kuuliza: sokoni ni hadharani, au si hadharani?" Ukumbi ukalipuka. Mchungaji, aliyekuwa amealikwa kufungua kikao kwa sala, alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Shehe alijaribu kumtetea, akasema shuka lilikuwapo kwa nia, na nia ni jambo kubwa.

Bwana Haya akasimama. Angeweza kujitetea, karani alikuwa ameshamwandikia hoja kwamba sanamu ilikuwa kitu mpaka ilipovuliwa na upepo. Lakini yeye hakuwa mtu wa namna hiyo.

"Nimekosa," alisema. "Sheria niliiandika mimi. Nitaitumikia."

Inasemekana hata rafiki wa mwenye baa alikaa chini akiwa hana raha. Kwa kuwa duka la fundi wa suti lilikuwa dogo, adhabu ikahamishiwa kwa shemeji.

"Karibu kazini, shemeji," akasema shemeji asubuhi hiyo, akamkabidhi rundo la nguo, akafungua mlango wa duka wazi ili hewa ipite, akaenda zake nyuma kuhesabu vifungo na kucheka.

Bwana Haya alizivisha sanamu macho yamefumbwa nusu. Alifunga vifungo kwenye matundu yasiyo yake, akaivisha moja suruali mikononi. Watu walianza kupita na kuchungulia. Aibu ikamzidi. Ndipo akagundua njia: akisikia nyayo, anasimama wima, mkono mmoja umeinuliwa kidogo, macho yametulia, hapepesi. Na kwa kuwa alivaa ile suti ya arusi, na kwa kuwa kioo kile kilimfanya kila mtu aliye ndani aonekane bidhaa, watu walipita tu. Mama mmoja alisimama, akamkagua, akasema suti imepitwa na wakati.

Adhuhuri ikaja bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, fimbo mkononi, akakaa kwenye ngazi ya mlango apumzike. Alikuwa bibi wa kuongea na chochote kilicho karibu. Akainua uso.

"Hujambo mwanangu," akamwambia Bwana Haya.

Sasa, elewa hali ya mtu yule. Alikuwa amelelewa kwamba mtu mzima akipita humwachi bila kumwamkia, hata uwe na homa, hata uwe juu ya ngazi umeshika kioo. "Shikamoo" ilimpanda kooni palepale. Akaimeza. Ikapanda tena.

"Wewe angalau umevaa vizuri," bibi akaendelea. "Na unasikiliza. Yule diwani wetu alikuja kwangu, akapima dirisha, akaongea habari za sanamu, akaondoka. Sikupata hata nafasi ya kumwambia habari za mfereji. Mfereji uko wazi mlangoni kwangu, mwanangu. Nimetumbukia mimi, ametumbukia mkwe wangu, na juzi ametumbukia mtu aliyekuja kunipa pole kwa kutumbukia. Ukitumbukia, nguo zinakwenda huku na wewe kule, mtaa mzima unakuona ulivyo. Mimi na umri huu! Juu ya nguo za sanamu za plastiki wamekaa vikao. Juu yangu nani anakaa?"

Bwana Haya hakupepesa. Chozi lilimtoka jicho la kushoto, sehemu kwa huzuni, sehemu kwa ile salamu iliyokuwa inamkaba.

Bibi akajikongoja, akasimama. "Haya mwanangu, mimi nakwenda. Ahsante kwa kunisikiliza."

Hapo haikuwezekana tena.

"Shikamoo bibi!" ikamtoka kama kizibo.

"Marahaba," akajibu bibi kwa mazoea, akapiga hatua kadhaa, kisha akasimama. Akageuka polepole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akarudi, akamchoma tumboni kwa fimbo.

"Aa, kumbe ni wewe."

"Ni mimi, bibi. Nisamehe."

"Basi umeshasikia. Sirudii."

"Mfereji uko upande gani?"

"Si ulipima dirisha langu! Huo huo ulioruka ukiingia."

Shemeji alipotoka nyuma alikuta sanamu moja ina suruali mikononi na mtumikia adhabu hayupo. Alimwona mbali barabarani, amemshika bibi mkono, mkanda wa kupimia unaburutika nyuma yake.

Kikao kilichofuata Bwana Haya alisimama tena. Mwenyekiti alifumba macho kabla hajasikia.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Haya, "kuna mfereji uko uchi."

Wengine walicheka, wengine wakauliza kama mfereji una umbo la mtu. Safari hii hakutokwa jasho. Alieleza nani ametumbukia na ameumia wapi, akasema nani amewahi kuonekana na mtaa mzima akiwa hana nguo mwilini kwa sababu ya baraza hili. Karani aliandika haraka, bila kuuliza swali. Shehe akaunga mkono. Rafiki wa mwenye baa akasema hata wateja wa rafiki yake hutumbukia humo, hasa wakitoka, naye akaunga mkono.

Mchungaji alimvuta pembeni baada ya kikao. "Mzee, umebadilika? Ile habari ya sanamu umeiacha?"

"Sijaiacha, mchungaji. Sanamu zivae. Lakini waliotumbukia watangulie."

Mifuniko ya zege ilikuja baada ya barua nyingi na safari nyingi, mibovu ya kwanza ikarudishwa, mizuri ikaletwa. Sheria ya sanamu ilibaki kwenye vitabu, na maduka mengi yakaendelea kuitii kwa sababu wateja walikuwa wameanza kupenda majoho. Fundi wa suti alirudishiwa zana yake pamoja na taulo, akalikataa taulo.

Siku ya kuzindua mfereji mchungaji aliomba. Shehe naye, ili asizidiwe, akaomba kwa urefu uleule na kidogo zaidi. Mchungaji akakumbuka kwamba alikuwa amesahau kuwaombea wagonjwa, akarudi. Wingu lilikuja likasimama juu yao likisubiri, likachoka, mvua ikamwagika. Watu walikimbilia chini ya mapaa ya maduka. Bwana Haya alibaki amepiga magoti, sikio kwenye zege, anasikiliza maji yakipita chini, suti ya arusi imemganda mwilini.

"Ingia ndani wewe!" mkewe akamwita kutoka barazani kwa bibi. "Nguo zimekubana zinaonyesha kila kitu!"

Bwana Haya akajitazama, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akakimbilia ndani.